Mbele ya Tanuru, Maji Peke Yake Hayatoshi

Siku ya tatu ya mafunzo yangu kwa vitendo, kwenye karakana moja ya kuyeyushia alumini chakavu jijini Dar es Salaam, nilimpa kijana mwenzangu ushauri mbaya. Alikuwa mgeni kazini kama mimi, kazi yake kupakia sufuria kuukuu kwenye tanuru. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi, kwa hiyo unaweza kukisia joto la pale. Jasho lilimtiririka hadi kwenye viatu. Nikamwambia kwa kujiamini kabisa (si ndiyo nimemaliza shahada ya kwanza!): "Kunywa maji bwana, kunywa mengi tu." Akanywa, chupa baada ya chupa. Kufika saa saba mchana yuko chini, misuli ya mapaja na tumbo imemkaza kama kamba, anagugumia.

Mzee aliyesimamia tanuru wala hakubabaika. Alimkalisha kivulini, akampa uji uliotiwa chumvi, anywe taratibu. Kisha akanigeukia: "Mwanangu, jasho lina chumvi. Hujawahi kulionja?"

Niliona aibu. Ila tuanze na jasho lenyewe, maana ni mtambo wa ajabu. Lita moja ya jasho ikigeuka mvuke kwenye ngozi yako inaondoka na kilojuli zipatazo 2,400 za joto. Joto hilo lingetosha kuchemsha karibu lita 8 za maji ya bomba. Lakini zingatia: ni jasho linalokauka tu ndilo linalopoza. Linalodondoka sakafuni ni hasara tupu, umepoteza maji na hujapoa. Ndiyo maana karakana yenye unyevu wa pwani na isiyo na upepo inachosha kuliko kipimajoto kinavyoonyesha.

Sasa chumvi. Lita moja ya jasho hubeba takriban gramu 1 mpaka 4, inategemea mtu. Tuseme wewe unatoa gramu 2, na kwa zamu moja unatoka lita 5. Hizo ni gramu 10, karibu vijiko viwili vya chai. Ukirudisha maji matupu peke yake, chumvi iliyobaki mwilini inazimuliwa. Sodiamu ya damu inashuka, na maji yanaanza kuingia ndani ya seli. Misuli inaweza kuvumilia kidogo. Ubongo je? Umefungiwa ndani ya fuvu, hauna pa kuvimbia. Hapo ndipo kichwa kinauma, mtu anatapika, anachanganyikiwa, na ikizidi anaweza kufa.

Mzee wetu hakuwa wa kwanza kuligundua hili. Mwaka 1923 mwanasayansi wa Uskoti, John Scott Haldane, aliandika kuhusu wachimba makaa wa Uingereza waliokuwa wakikakamaa misuli baada ya kutoka jasho jingi na kunywa maji mengi. Aliiona hali hiyo kama sumu ya maji, na dawa yake ilikuwa chumvi kidogo ndani ya maji. Miaka michache baadaye, kwenye ujenzi wa bwawa la Hoover huko Marekani, joto liliua wafanyakazi kadhaa katika kiangazi cha 1931. Watafiti wa Harvard walipokwenda huko mwaka uliofuata, nao wakakuta chumvi imo kwenye kisa cha mikakamao.

Usikimbilie kumeza chumvi lakini, hasa kama una presha. Kwa wengi chakula cha kawaida kinatosha, mradi usiruke mlo. Wanaoruka kifungua kinywa na kushinda na maji tu ndio walio hatarini. Kwa kazi ya joto, kikombe kimoja kila dakika 15 hadi 20 kinafaa kuliko kugugumia chupa nzima mara moja, na usizidishe lita moja na nusu kwa saa. Usisubiri kiu pia, huwa inachelewa. Kama kuna mizani, jipime kabla na baada ya zamu: kilo moja iliyopungua ni karibu lita moja ya maji.

Mgeni ndiye wa kuangaliwa zaidi. Mwili huhitaji wiki moja hadi mbili kulizoea joto, na ukizoea, jasho lenyewe hupungua chumvi. Wataalamu wa usalama kazini hushauri mgeni afanye asilimia 20 tu ya kazi ya joto siku ya kwanza, aongezewe asilimia 20 kila siku. Yule kijana alipewa zamu nzima siku ya kwanza.

Na ukimkuta mwenzako anaongea visivyoeleweka, usimlazimishe kunywa chochote. Mtoe kwenye joto, mmwagie maji mwilini, mpepee, huku mwingine akitafuta gari la kumkimbiza hospitali.