Waya wa Runinga: Tusilipe Mara Mbili kwa Picha Moja

Tangu tarehe 31 Desemba 2012, matangazo ya analojia yalipozimwa jijini Dar es Salaam na miji mingine ikafuata kwa awamu, king'amuzi kimekuwa kifaa cha lazima majumbani. Hapa Kashai runinga bapa zimeziondoa zile za chogo katika kumbi nyingi. Hata hivyo, jambo dogo linaendelea kuzinyima familia thamani ya fedha zao, nalo ni waya.

Nyumba nyingi bado zinaunganisha king'amuzi na runinga kwa waya wa rangi tatu: njano kwa picha, nyekundu na nyeupe kwa sauti. Waya huo ni wa enzi ya analojia, na wa njano hauwezi kubeba picha ya ubora wa juu. Mwenye runinga ya mistari 1080 huambulia picha yenye ukungu, kisha akailaumu runinga. Dawa yake ni waya wa HDMI, uliotangazwa mwaka 2002, unaobeba picha na sauti kwa pamoja. Lakini tutazame kwanza nyuma ya king'amuzi: kama hakina tundu lake, kuununua ni kutupa fedha.

Upande wa pili kuna israfu. Muuzaji husifu pini zilizopakwa dhahabu na kutaja bei kubwa. Dhahabu huzuia kutu tu, haing'arishi picha. HDMI hupitisha tarakimu. Zikifika salama, picha ni ileile kwa waya wa bei nafuu na wa bei ghali. Waya mbovu hujitambulisha wenyewe: picha hukatika, au hujaa vidoadoa. Kinachostahili kuangaliwa ni urefu. Mita moja na nusu hutosha king'amuzi kilicho chini ya runinga, na kadiri waya unavyorefuka ndivyo mawimbi yanavyodhoofu.

Kwa sabufa ya zamani, waya mwekundu na mweupe unatosha, iwapo runinga ina tundu la kutolea sauti.

Waya wa antena nao tusiusahau. Kiungo kilicholegea hugandisha picha. Na mvua za Bukoba zinapokuja na radi, tuuchomoe pamoja na ule wa umeme.

Ndugu wasomaji, mali ni amana. Tuombe waya ujaribiwe dukani kabla ya kulipa, na kinachobaki kiwafae watoto.