Vumbi jeupe kwenye nyanya ya mtoto

Jumamosi asubuhi sokoni, mama anachagua nyanya. Anaigeuza moja na kuona madoa meupe, kama unga uliokaukia kwenye ganda. Muuzaji anawahi kumtoa wasiwasi: "Ni dawa tu hiyo mama, ukiosha inatoka." Mama anachukua mafungu mawili. Nyumbani, kabla kikapu hakijatua chini, mtoto wa miaka mitatu ameshachomoa nyanya moja, ameifuta kwenye fulana na kuing'ata.

Neno "dawa" ndilo linaloponza wengi. Dawa ni ile ya kikohozi ambayo mtoto hupewa kwa kijiko, na dawa ni ile ambayo mkulima huipuliza kwa bomba la mgongoni. Wataalamu huiita kiuatilifu, lakini shambani neno hilo halisikiki sana. Mkulima husema amepiga dawa. Na kitu kinachoitwa dawa ni vigumu kukiogopa.

Lile vumbi mara nyingi ni la kuzuia ukungu na bakajani. Moja ya zinazotumika sana kwenye nyanya ni mankozebu. Mwishoni mwa 2020 Umoja wa Ulaya ulikataa kuiongezea kibali, kwa hoja kwamba inaweza kudhuru uzazi na kuvuruga homoni za mwili. Na hiyo angalau inaonekana. Za kuua wadudu nyingi hazionekani kwa macho.

Moja ya hizo ni klopirifosi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, walifuatilia akina mama waliokuwa wajawazito wakati kemikali hiyo ikitumika majumbani kuua mende. Watoto wao walipofika miaka 7, wale walioipata kwa wingi wakiwa tumboni walionekana kuwa nyuma katika vipimo vya akili na kumbukumbu. Matokeo hayo yalichapishwa 2011. Ulaya iliipiga marufuku 2020, na Mei 2025 nchi wanachama wa Mkataba wa Stockholm zilikubaliana iondolewe duniani, ingawa ziliacha matumizi kadhaa yaendelee kwa muda.

Mtoto huumia zaidi kwa sababu rahisi. Kwa kila kilo ya uzito wake anakula na kunywa kuliko baba yake, ubongo wake bado unajengwa, na mikono yake haikai mbali na mdomo.

Kwa nini mkulima anapuliza sana?

Si kwamba ana roho mbaya. Naye ana watoto, na ndiye wa kwanza kuivuta ile sumu, mara nyingi bila barakoa wala glavu.

Mwaka 2014 mdudu kutoka Amerika Kusini alithibitishwa kuingia Tanzania. Jina lake la kitaalamu ni Tuta absoluta, lakini wakulima wanamwita Kantangaze, kana kwamba mdudu mwenyewe anamwambia aliyemfilisi aende akamtangaze. Viwavi wake hujichimbia ndani ya jani na ndani ya tunda. Dawa inayotua juu ya jani haiwafikii vizuri, kwa hiyo mkulima anaongeza kipimo, anachanganya dawa mbili au tatu kwenye bomba moja, na kurudia baada ya siku chache.

Viwavi vichache vilivyostahimili ndivyo vinavyozaliana. Buibui, nyigu na siafu waliokuwa wakiwala wadudu wanakufa kwanza. Msimu unaofuata mdudu amezidi, dawa imezidi, na deni la duka la pembejeo limezidi pia. Hapo ndipo kinapoishia kilimo cha zao moja, eneo zima, mwaka hadi mwaka: shamba haliwezi tena kusimama bila chupa.

Kila kibandiko cha dawa hutaja siku za kusubiri kati ya kupuliza na kuvuna. Lakini bei ikiwa nzuri leo na gari la mnunuzi liko shambani, nani atamwambia arudi wiki ijayo?

Shamba linaloweza kujilinda

Mbita, Kenya, kando ya Ziwa Victoria, watafiti wa kituo cha icipe wakishirikiana na wenzao wa Rothamsted, Uingereza, walianza miaka ya 1990 kutafuta njia ya kumzuia funza wa mabua bila sumu. Walipanda desmodiamu, jamii ya kunde, katikati ya mistari ya mahindi, na mabingobingo kuzunguka shamba. Harufu ya desmodiamu humfukuza nondo, ile ya mabingobingo humvuta. Nondo anataga pembeni, na wengi wa viwavi wake hawakui kwenye majani hayo. Njia hiyo huitwa vuta-sukuma.

Uzuri wake haukuishia kwa funza. Mizizi ya desmodiamu hudhoofisha kiduha, gugu linalonyonya mahindi, na huongeza naitrojeni kwenye udongo. Majani yote mawili ni chakula cha ng'ombe, na ng'ombe ni maziwa ya watoto. Watafiti waliripoti mashamba yaliyokuwa yakitoa takriban tani 1 ya mahindi kwa hekta kufikia tani 3.5.

Nyanya si mahindi, na Kantangaze si funza wa mabua. Hata hivyo wapo wanaompunguza kwa mitego ya harufu: beseni la maji ya sabuni na kidonge chenye harufu ya jike, madume wanazama. Husaidia pia kubadilisha mazao, kutofuatisha nyanya na viazi mviringo au bilinganya, kufukia majani yaliyoshambuliwa, na kutumia mwarobaini.

Katika milima ya Uluguru, shirika la Sustainable Agriculture Tanzania la Morogoro hufundisha wakulima matuta ya kuzuia mmomonyoko, mboji na dawa za mimea. Mzazi wa Dar es Salaam asidhani hayo hayamhusu. Maji ya Uluguru hulisha Mto Ruvu, na Ruvu ndio unaoinywesha Dar es Salaam.

Ila mabadiliko haya hayaji kwa amri. Aprili 2021 serikali ya Sri Lanka ilizuia ghafla kuingiza mbolea za viwandani. Mavuno ya mpunga yalishuka, wakulima wakaandamana, na kufikia Novemba serikali ikarudi nyuma. Udongo uliozoeshwa mbolea ya dukani kwa miaka mingi hauponi msimu mmoja, na mkulima hawezi kuambiwa abebe hasara hiyo peke yake.

Jikoni na stoo

Kwa mzazi mwenye kikapu leo, yapo ya kufanya. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Massachusetts walijaribu kuosha tofaa zilizowekwa dawa. Kuziloweka dakika 12 hadi 15 kwenye maji yenye soda ya kuokea (si hamira), kama vijiko viwili vya chai kwa lita, kuliondoa sehemu kubwa ya dawa iliyokuwa juu ya ganda kuliko maji matupu. Iliyokwisha kupenya ndani ilibaki. Sabuni ya kufulia isitumike.

Hatari kubwa zaidi, hata hivyo, huenda haipo kwenye nyanya bali kwenye chombo. Julai 2013, katika jimbo la Bihar, India, watoto 23 walikufa baada ya kula chakula cha mchana shuleni. Mafuta ya kupikia yalikuwa yamechafuliwa na monokrotofosi, sumu ya wadudu wa shambani, kwa sababu yalihifadhiwa kwenye chombo kilichokuwa na sumu hiyo.

Dumu la dawa halioshwi likawa la mafuta, maji wala maziwa. Dawa haihamishiwi kwenye chupa ya soda. Mstari wa rangi kwenye kibandiko una maana: mwekundu ni sumu kali kabisa, kisha njano, bluu na kijani. Mtoto akiimeza, asilazimishwe kutapika wala kunyweshwa maziwa. Apelekwe hospitali mara moja, pamoja na kibandiko.

Na sokoni, swali moja linamtosha muuzaji: "Hizi zimepigwa dawa lini?" Mara ya kwanza atacheka. Wateja watano wakiuliza asubuhi moja, atampigia simu aliyemletea mzigo.