Mkia wa Jina katika Kiaramu

Msomaji wa Injili ya Marko hukutana na maneno ya Kiaramu yaliyoachwa kama yalivyotamkwa, miongoni mwao Talitha na Aba, yote mawili yakiishia kwa irabu ya a. Nayo irabu hiyo, ambayo wengi huipita bila ya kuitia maanani, ndiyo ufunguo wa nahau ya jina katika lugha ambayo, zama za dola ya Waajemi, iliandikiwa barua na mikataba toka kisiwa cha Elephantine katika mto wa Nili hadi nchi ya Baktria.

Jina la Kiaramu lina jinsi mbili, ya kiume na ya kike, lina umoja na wingi, na juu ya hayo lina hali tatu. Tutwae asili ya herufi tatu, m-l-k, iliyotufikia sisi kwa njia ya Kiarabu katika milki na mamlaka. Melek, jina likiwa katika hali tupu, ni mfalme, yeyote awaye. Melek babel ni mfalme wa Babeli, jina likiwa katika idhafa, limeegemea lile linalolifuata. Na malka ni mfalme yule ajulikanaye. Kile ambacho Mwarabu hukitanguliza kwa al na Mwebrania kwa ha, Mwaramu alikitia mkiani. Kwa mfumo huo huo aba ni baba yule, na ndivyo mtoto alivyomwita mzazi wake. Mwanafunzi hana budi kuwa na hadhari, kwa kuwa malka huweza pia kuwa malkia asiyebainishwa, ambaye akibainishwa huitwa malketa.

Idhafa tunaisikia katika majina tuliyoyazoea: bar ni mwana wa, na kwa hiyo Bartimayo ni mwana wa Timayo, na Baraba, kwa tafsiri iliyo ya wengi, ni mwana wa baba. Lakini Waaramu walikuwa na njia nyingine, ambayo mimi naiona nzuri kupita zote: bayteh d-malka, yaani nyumba yake ya mfalme, kiungo cha mwenye mali kikitangulia kabla mwenyewe hajatajwa. Mtu wa pwani asemaye nyumba yake mfalme hahitaji mwalimu wa kumfasiria mpango huo.

Hatima ya ile a ni jambo la ajabu. Katika Kisiria, lugha ya waandishi wa Edessa, ilitumika mno hata ikapoteza nguvu zake: malka ikawa mfalme tu, ajulikane asijulikane, na ile hali tupu, iliyokuwa ndiyo asili, ikabaki mahali pachache, kama vile baada ya hesabu na baada ya neno lenye maana ya kila. Katika Maaloula, mji wa milimani kaskazini ya Dameski ambako Kiaramu kingali kikisemwa, hali tupu nayo imesalia hasa baada ya hesabu. Na katika Kituroyo cha Tur Abdin, kusini-mashariki ya Uturuki, ile a imegeuka kuwa o na kugandamana na jina lisiweze kutengwa nalo, hata wasemaji wakahitaji kibainishi kipya, wakakiweka mbele: bayto ni nyumba, na u bayto ni nyumba ile.