Moshi wa Tanuru na Haki ya Jirani

Mwalimu atakayepangiwa shule ya wilaya ya Mpanda hatakosa kuona moshi. Wakati wa kiangazi matanuru ya matofali huwaka kandokando ya vijiji, na msimu wa kukausha tumbaku ufikapo wakulima huchochea moto wa mabani yao. Kwa hiyo si lazima somo la uchafuzi wa hewa lianzie kwenye picha za viwanda vya mbali. Lakini swali zito la somo hilo, yaani nani alipe hasara iletwayo na moshi, lahitaji kisa. Nami nakipendelea kimoja cha Uingereza.

Mwaka 1860 William Tipping alinunua shamba kubwa la Bold Hall, karibu na mji wa St Helens. Umbali wa kama maili moja na nusu palikuwa na kiwanda cha kuyeyushia shaba. Mawe ya shaba aghalabu huwa na salfa. Yakichomwa hutoa gesi kali, ambayo ikikutana na unyevu huwa asidi na kuunguza majani. Miti ya Tipping ikanyauka, naye akashtaki. Kampuni ilijitetea kwamba eneo lile lote ni la viwanda. Mwaka 1865 Baraza la Malodi, mahakama ya juu kabisa ya nchi ile, liliamua: akaaye penye viwanda hana budi kustahimili karaha za kadiri, lakini mali yake ikiharibika, mahali si hoja. Fidia ilikuwa pauni 361 na ushei. Waeleze wanafunzi pia kwamba Tipping alikuwa tajiri; vibarua wa mji ule walivuta hewa ileile, na kesi haikuwahusu.

Katika kufundisha, usihubiri. Ligeuze darasa kuwa baraza: mmoja awe mwenye tanuru, mwingine mwenye bustani ya maharage, wengine wazee wa baraza. Hapa pa ushahidi usipite haraka. Wanafunzi walete majani ya karibu na tanuru na ya mbali, wayalinganishe, kisha uwaulize: je, ni moshi, au ni jua, au wadudu? Mlalamikaji asiyeweza kutenganisha hayo hushindwa, hata akiwa na haki.

Darasa la saba waweza kuwapeleka mbele zaidi. Mji wa Mpanda ulikua kwa mgodi wa risasi, uliovutia reli kutoka Kaliua. (Watoto watadhani ni risasi za bunduki, eleza mapema kuwa ni madini.) Risasi hiyohiyo, ikiyeyushwa kutoka betri kuukuu, iliwadhuru wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa. Mwaka 2020 mahakama iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ikaitengua, na mwaka 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Hao hawakuwa matajiri wenye mashamba, na kilichoharibika kilikuwa miili yao.

Nilipolifundisha somo hili, mwanafunzi mmoja aliuliza: ikiwa matofali ni ya kujengea zahanati ya kijiji, alipe mwenye tanuru au kijiji kizima? Nililirudisha swali kwa wazee wa baraza. Kengele ililia wangali wakibishana, tukaahirisha shauri hadi kipindi cha Alhamisi.