Mwili Ukilala, Moyo Huugua

Maradhi humwingia mtu kwa milango miwili: mmoja wa wazi, mwingine wa siri. Korona ilipotokea katika nchi yetu ya Kongo, Machi 2020, sote tuliuogopa mlango wa wazi, yaani homa, kikohozi na shida ya kupumua. Mlango wa siri wachache waliulinda.

Na tukumbuke yaliyotukia. Tarehe 18 Machi serikali ilitangaza kufungwa kwa shule, makanisa na mabaa, ikakataza mikusanyiko ya watu zaidi ya 20. Tarehe 24 Rais Félix Tshisekedi akatangaza hali ya hatari. Hapa Kisangani hatukufungiwa kama wakazi wa Gombe kule Kinshasa. Hata hivyo makanisa yalikaa kimya mpaka Agosti, na mwezi wa Desemba ikaja amri ya kutotoka nje usiku, tangu saa tatu mpaka saa kumi na moja alfajiri. Mtu aliyezoea kutembea kutoka Mangobo hadi sokoni, au kuvuka mto kutoka Lubunga, akajikuta ameketi kitini tangu asubuhi hata jioni. Na katika mji huu, ambao wenyeji wake walijificha majumbani siku sita mizinga ikilia, Juni 2000, kukaa ndani si neno jepesi.

Matokeo yake ni nini? Baba alikuwa mwepesi wa hasira, mama alikosa usingizi, kijana alijifungia na simu yake hata usiku wa manane. Wala si kwetu tu. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2022 kwamba katika mwaka wa kwanza wa Korona, wasiwasi na huzuni kubwa viliongezeka kwa asilimia 25 duniani, hasa kwa vijana na wanawake.

Sababu yake si fumbo. Mwili na moyo ni ndugu wa tumbo moja. Mtu anapotembea kwa nguvu, damu huenda mbio na ubongo hutoa vitu vinavyotuliza maumivu na kuchangamsha. Misuli iliyochoka huleta usingizi mwema, na nuru ya asubuhi huukumbusha mwili saa zake. Aketiye mchana kutwa hukosa hayo yote, na mawazo yake huzunguka mahali pamoja kama ng'ombe aliyefungwa kamba.

Wengine watasema: "Mazoezi ni mambo ya matajiri, sisi twatafuta chakula." Neno hilo lina ukweli nusu. Mwendeshaji wa toleka, ile baiskeli ya abiria iliyoubeba mji wetu miaka ya vita, na Mwagenia anayeitega mitego yake katika maporomoko, hawahitaji mwalimu wa mazoezi. Lakini kazi ikisimama, mtu wa namna hiyo hupoteza mkate wake na dawa yake kwa pamoja. Ndiye anayepaswa kujihadhari kwanza.

Basi tufanyeje siku nyingine tukizuiwa tena? Mashauri ya Shirika hilo, yaliyotolewa Novemba 2020, ni mepesi: mtu mzima apate dakika 150 mpaka 300 za mwendo wa kadiri kila juma, yaani angalau nusu saa kwa siku tano, watoto wa shule, dakika 60 kila siku. Ua wa nyumba watosha. Watoto waruke kamba. Vijana wachote maji na kulima bustani. Baba naye ashike mchi, atwange sombe. Heshima yake haitapungua, na mama atapumzika. Saa za kuamka, za kazi, za masomo na za sala ziwe na utaratibu, kama watawa wa Mtakatifu Benedikto walivyoigawa siku yao tangu karne ya 6.

Lakini tusidanganyane: kutembea si dawa ya kila jambo. Mtu akihuzunika majuma mawili mfululizo, akikataa chakula, au akitaja kujiua, asiachwe peke yake, wala asisingiziwe uchawi. Apelekwe kwa tabibu upesi, naye asikilizwe pasipo kuchekwa.

Amri za serikali zaweza kuufunga mlango wa nyumba. Mlango wa siri hulindwa na sisi wenyewe, kila mmoja akimwangalia mwenzake.