Saa ya Pima Hamsini

Msomaji mmoja wa Nyasura, pale Bunda, mfanyabiashara wa dagaa, ameniuliza swali. Amejinyima kwa miaka kadhaa, na sasa anataka kununua saa ya wapiga mbizi ya hadhi, ya kwanza maishani mwake. Kati ya iliyoandikwa meta 200 na iliyoandikwa meta 300, achukue ipi?

Namjibu kwa kipimo cha wavuvi. Pima moja ni upana wa mikono miwili iliyonyooshwa, kama meta 1.8. Mwaka 1953 kampuni ya Blancpain ya Uswisi ilitoa saa iliyotumiwa na wapiga mbizi wa jeshi la Ufaransa, ikaiita Fifty Fathoms, yaani pima hamsini, meta 91 hivi. Ziwa Victoria, panapozidi kina kuliko kote, lina meta 80 na kidogo, hazifiki pima 47. Saa hiyo ya zaidi ya miaka 70 iliyopita ingegusa tope la chini kabisa ya ziwa, na pima kadhaa zikabaki. Kwa mtu wa Bunda, basi, meta 200 na meta 300 ni kitu kilekile.

Namba ya kuogopa ni ile ndogo. Saa ya kawaida iliyoandikwa meta 30 haikutengenezwa ili ushuke nayo meta 30. Inastahimili jasho, mvua na kunawa mikono, basi. Saa ya kupigia mbizi hupimwa kwa kanuni ya kimataifa iitwayo ISO 6425. Ni lazima ihimili angalau meta 100, na kila moja hujaribiwa kwa mgandamizo unaozidi kwa robo ule ulioandikwa. Isomeke gizani, na iwe na njia ya kuhesabu dakika.

Njia hiyo ni ile pete inayozunguka kioo. Unapoingia majini, unazungusha alama yake mpaka ielekeane na mshale wa dakika, na baadaye unasoma kwenye pete dakika ulizokaa chini. Pete nzuri huzunguka upande mmoja tu, kinyume cha mwendo wa mishale. Ikigongwa na mtumbwi, itakuonyesha umekaa muda mrefu kuliko kweli, nawe utapanda mapema. Kosa lake ni la kukuokoa. Siku hizi wapiga mbizi wengi hutegemea kompyuta ya mkononi, lakini pete haihitaji betri. Itakupimia hata muda wa dagaa kukaa kwenye kikaango.

Sasa tutazame maji huingilia wapi. Maji hayaingii kupitia chuma. Huingia pembeni, penye kifundo cha kurekebishia mishale, na nyuma, penye kifuniko. Huko kuna vipete vya mpira, na mpira huzeeka. Sabuni na maji ya moto huuchosha haraka zaidi. Chagua saa ambayo kifundo chake hukazwa kwa kuzungushwa kama kifuniko cha chupa, na ujizoeze kukikaza kila mara. Saa ya milioni kumi iliyoachwa kifundo wazi huingia maji sawa na ya elfu kumi.

Katika zile za hadhi, tatu hutajwa sana. Rolex Submariner, iliyozaliwa mwaka huohuo wa 1953, ndiyo mama wa umbo ambalo wengine wengi wameliiga. Ya sasa ina upana wa milimita 41 na huenda meta 300. Omega Seamaster Diver 300M, ya tangu 1993, ina milimita 42 na valvu ya kutoa gesi ya heliamu. Valvu hiyo ni ya watu wanaoishi siku nyingi ndani ya vyumba vya mgandamizo wakifanya kazi baharini. Wewe hutaihitaji kamwe. Tudor Black Bay Fifty-Eight, ya 2018, ina milimita 39 na meta 200, na bei yake kwa kawaida haifiki nusu ya Submariner. Kwa mkono mwembamba hiyo ndiyo hukaa vizuri. Ivae kwanza: ncha za saa zikipita ukingo wa kifundo cha mkono, iache.

Kuhusu tarehe, sisi tuna jambo letu. Wako wanaopenda kuweka mishale ifuate saa za Kiswahili, saa moja isomeke moja. Ukifanya hivyo kwenye saa yenye tarehe, tarehe itageuka saa kumi na mbili badala ya saa sita usiku. Mwenye mazoea hayo anunue isiyo na tarehe.

Swali lenyewe, kwa maoni yangu, silo la kina. Ni hili: nani ataifungua? Saa ya mashine huhitaji kufunguliwa, kusafishwa, kutiwa mafuta na kubadilishiwa mipira, mara nyingi kila baada ya miaka 5 hadi 10. Kampuni zote tatu hutoa dhamana ya miaka 5, lakini dhamana hutumika kwa fundi aliyeidhinishwa, naye hapatikani kila mji. Kabla ya kulipa, mwambie muuzaji akutajie fundi huyo, akuonyeshe kadi ya dhamana, na mlinganishe namba ya kadi na iliyochongwa kwenye saa. Akianza kuzungukazunguka, rudi na fedha zako.

Basi, ndugu yangu wa Nyasura, ukimpata fundi wa Tudor unayeweza kumfikia, chukua Tudor. Usipompata, chukua Seiko, ambao wanatengeneza saa za kupigia mbizi tangu 1965, tena kwa bei isiyokunyima usingizi. Fedha itakayobaki itie kwenye nyavu.