Sura ya Sita: Posta, Vyeo na Fadhila za Chama

Mwaka 1901, Theodore Roosevelt aliposhika hatamu za Marekani baada ya kuuawa Rais William McKinley, nchi hiyo ilikuwa na ofisi za posta zipatazo 77,000, idadi ambayo haikupata kufikiwa kabla ya hapo wala baadaye. Na katika vijiji vingi vya nchi ile pana, ambako askari wa serikali kuu hakuonekana na hakimu wake alikaa mbali, ofisi hiyo, iliyokuwa aghalabu meza moja na visanduku vichache katika pembe ya duka, ndiyo peke yake iliyowaonyesha watu kwamba Washington ipo. Aliyejaliwa kuwa postamasta hapo hakupata utajiri, maana katika ofisi za daraja la nne, zilizokuwa nyingi kupita zote, ujira ulitokana na hesabu ya stempu zilizopigwa muhuri. Lakini alipata jambo ambalo kila mwenye duka hulithamini kuliko mshahara, yaani kila aliyetazamia barua ilimpasa kuingia dukani mwake. Alijua nani husoma gazeti lipi, nani amehamia kijijini na nani ameondoka, na nani ana jamaa mjini wa kumsaidia. Na majira ya uchaguzi yalipowadia, maarifa hayo yote yalikuwa mali ya chama kilichomweka.

Anayetaka kuzielewa siasa za Marekani za zama zile na aanzie dukani hapo kabla ya kuzisoma hotuba za wakuu. Vyama viwili vikubwa, cha Republican na cha Democratic, havikuwa na wanachama wenye kulipa ada, ilhali vilihitaji maelfu ya watu wa kuandikisha wapiga kura, kusimamia mikutano ya kata na kuwafikisha wazee na wagonjwa kwenye vituo siku ya kura. Na watu hao, ambao hazina ya chama isingeweza kuwalipa, walitumikia tumaini la cheo. Kwa sheria, postamasta wa madaraja matatu ya juu aliteuliwa na Rais kwa idhini ya Seneti, na yule wa daraja la nne aliwekwa na Wizara ya Posta yenyewe. Kwa mazoea, yaliyokuwa na nguvu kuliko sheria, jina lilitoka kwa mjumbe wa Baraza la Wawakilishi wa mahali hapo, maadamu ni wa chama cha Rais. Vyeo vizito zaidi, kama vile ukuu wa forodha na ujaji, vilikuwa mikononi mwa maseneta, nao walikuwa na ada ya kulindana: jina lililochukiwa na seneta wa chama tawala katika jimbo lake mwenyewe aghalabu lilikataliwa na wenzake wote. Si ajabu basi kwamba Waziri wa Posta mara nyingi alikuwa ndiye aliyeongoza kampeni ya Rais: George Cortelyou aliyeongoza ile ya 1904, Frank Hitchcock ya 1908, Will Hays ya 1920, na James Farley ya 1932, wote walikabidhiwa wizara hiyo baada ya ushindi.

Ada hii ilikuwa kongwe. Andrew Jackson alipoingia madarakani mwaka 1829 aliifanya kuwa desturi ya wazi, na kwa nusu karne haikuguswa, hata Charles Guiteau, mtu aliyejiona amenyimwa cheo alichostahiki, alipompiga risasi Rais James Garfield mwezi wa Julai 1881. Kifo cha Garfield kilizaa sheria ya Pendleton ya mwaka 1883, iliyounda Tume ya Utumishi wa Serikali na kuagiza kwamba baadhi ya kazi zitolewe kwa mtihani. Lakini mwanzoni sheria hiyo ilifunika kadiri ya sehemu moja tu katika kumi ya kazi za serikali kuu, na sehemu zilizosalia ziliendelea kugawanywa kama zamani. Roosevelt aliyajua haya kutoka ndani, kwa kuwa alikuwa mmoja wa makamishna wa Tume hiyo tangu 1889 hadi 1895.

Mijini fadhila za chama zilikuwa na sura ya karibu zaidi na, nathubutu kusema, ya kibinadamu zaidi. Mhamiaji aliyeshuka New York kutoka Ireland au Italia, asiye na ndugu wala ujuzi wa sheria za nchi, hakukuta idara yoyote ya kumtazama akikosa kazi au nyumba yake ikiungua. Alimkuta kiongozi wa kata wa Tammany Hall, jumuiya ya Wademokrati iliyoongozwa na Charles Francis Murphy tangu 1902 mpaka alipofariki 1924, naye alimpatia kibarua cha barabara, makaa ya kupashia chumba moto, na mtu wa kumsemea mahakamani. Malipo yake yalikuwa kura. Huko Boston, James Michael Curley alidiriki kumfanyia mtihani wa kazi ya kupeleka barua mtu wa kata yake. Akahukumiwa, akafungwa mwaka 1904, na akiwa bado gerezani wapiga kura wakamchagua kuwa diwani. Wastaarabu waliona katika jambo hilo upotovu wa umma. Mimi naona humo kilio cha watu waliochoka kusubiri serikali iwajue kwa majina, nao wakamshukuru aliyewajua. Na dhuluma ya mpango huo ilikuwa hii, kwamba haki ya mtu kupata riziki iligeuzwa deni lisilokwisha, na aliyekataa kulilipa alikuwa hana wa kumshtakia.

Kusini mambo haya yalifika ukomo wa kuhuzunisha. Huko, kwa katiba mpya za majimbo, kodi za kupigia kura na mitihani ya kusoma iliyobuniwa kwa hila, watu weusi walikuwa wamekwisha pokonywa kura zao, na chama cha Republican, ambacho ndicho walichokitegemea tangu kukomeshwa utumwa, hakikuwa na matumaini ya kushinda uchaguzi wowote mkubwa. Chama kilibaki kuwa orodha ya wenye vyeo vya serikali kuu na wenye kuvitamani. Lakini kwa mtu mweusi mwenye elimu, uteuzi kutoka Washington ulikuwa takriban mlango wa mwisho wa heshima ya umma uliokuwa wazi, na Booker T. Washington, mwalimu mweusi wa Tuskegee, alitumia sikio alilopewa na Roosevelt kuwaombea waliostahili.

Mmoja wa watu weusi walioshika vyeo hivyo alikuwa Bibi Minnie Cox, postamasta wa mji mdogo wa Indianola katika jimbo la Mississippi. Aliteuliwa kwanza na Rais Benjamin Harrison mwaka 1891, akarudishwa na McKinley mwaka 1897, na hapakuwa na aliyeweza kutaja taksiri katika kazi yake. Inajulikana kwamba alitia simu ofisini kwa gharama yake mwenyewe ili wenyeji waulize habari za barua zao bila taabu, na kwamba kodi za masanduku zilipochelewa alizilipa kutoka mfukoni mwake kuliko kuwaudhi wadeni. Mwaka 1902 James Vardaman, mwanasiasa aliyefanya chuki ya rangi kuwa ngazi yake, aliwachochea watu wa mji huo, nao wakafanya mkutano wa kumtaka Bibi Cox ajiuzulu. Akajiuzulu, kwa kuihofia roho yake, akaondoka. Roosevelt alikataa kuipokea barua ya kujiuzulu. Mwanzoni mwa Januari 1903 aliamuru posta ya Indianola ifungwe, barua zipelekwe Greenville, na mshahara wa postamasta uendelee kulipwa. Seneti iliijadili kwa saa nyingi ofisi hiyo ndogo, na wanasiasa wa Kusini wakaghadhibika kana kwamba nchi imevamiwa. Naye Bibi Cox hakurudi kazini: muda wake ulipokwisha mwaka 1904, ofisi ilifunguliwa tena chini ya mzungu, nayo ikateremshwa daraja. Rais alitenda haki kwa kadiri ya kalamu yake; lakini cheo kilichotolewa kwa fadhila hakikuwa na ngome nyingine ila fadhila hiyo hiyo, na haikutosha kumlinda mwanamke mmoja dhidi ya mji wake.

Mwezi wa Aprili 1909, akiwa ameacha urais na kwenda kuwinda, Roosevelt alishuka Mombasa; na aliporudi kwao mwaka uliofuata alimkuta William Howard Taft, aliyemrithisha kiti, akitawala kinyume cha matarajio yake. Walipogombania uteuzi wa chama mwaka 1912, Roosevelt alishinda katika majimbo mengi yaliyowauliza wapiga kura wenyewe, bali Taft alikuwa na vyeo mkononi. Karibu robo ya wajumbe wa mkutano mkuu wa Chicago walitoka Kusini, wengi wao wakila mkate wa serikali, kutoka majimbo yasiyoweza kumpa Mrepublican hata kura moja ya kumfanya Rais. Viti 254 vilibishaniwa. Kamati ya chama ikampa Taft 235 na Roosevelt 19. Taft akateuliwa, Roosevelt akatoka na wafuasi wake kuunda chama kingine, na Mdemokrati Woodrow Wilson akapita katikati yao kwa asilimia 42 hivi ya kura.

Wilson aliingia akikusudia kuwapa vyeo watu wenye adili pasipo kutazama wajumbe wa Baraza wanataka nini. Waziri wake wa Posta, Albert Burleson wa Texas, ambaye chama chake kilikuwa na njaa ya miaka 16, alimweleza kwamba akiwanyima wajumbe posta zao, nao watamnyima sheria zake; na Wilson, kwa masimulizi ya Burleson mwenyewe, akakubali kwa huzuni. Sheria ya ushuru na sheria ya benki kuu zilipita mwaka huo huo wa 1913. William Jennings Bryan, Waziri wa Mambo ya Nje, alimwandikia mkusanya ushuru wa Marekani huko Santo Domingo kumwuliza ni kazi gani zinaweza kupatikana kwa Wademokrati waliostahili, na barua hiyo ilipotangazwa mwaka 1915 ilimwaibisha sana.

Wakati huo huo mtihani ulikuwa ukienea: Roosevelt na Taft walikuwa wamekwisha uingiza katika posta za daraja la nne, na mwaka 1917 Wilson aliufikisha hadi madaraja ya juu. Wenye kupenda mageuzi walifurahi, wakidhani kwamba karatasi ya majibu haina macho ya kumpendelea mtu. Lakini Burleson na mwenzake wa Hazina, William McAdoo, walikuwa wamewatenga watumishi weusi katika idara zao. Kanuni iliruhusu mteuzi achague mmoja kati ya watatu waliofaulu zaidi. Na tangu 1914 kila mwombaji alitakiwa kuambatisha picha yake. Mwezi wa Novemba mwaka huo William Monroe Trotter, mhariri wa Boston aliyemwunga mkono Wilson katika uchaguzi, aliongoza ujumbe hadi Ikulu kulalamikia kutengwa huko; Rais aliudhika kwa namna alivyosemeshwa, akayakata mazungumzo. Sharti la picha lilidumu hadi mwaka 1940.